Safari hii nendeni Moshi wawili tu

Sisi tuliozaliwa Kilimanjaro tukahamia Arusha kutafuta maisha tunaijua barabara ya Moshi kwa sababu tatu: msiba, harusi na Krismasi. Kwenye msiba tunakwenda alfajiri na kurudi usiku. Kwenye harusi tunakwenda na bahasha ya mchango na sare ya kitenge. Desemba tunakwenda familia nzima, na ukishafika nyumbani hupati hata nafasi ya kukaa na mwenzako mkazungumza, maana kila chumba kina wageni na kila mkono una kazi. Kisha siku mume na mke wakisema wanataka kupumzika wawili, wazo la kwanza ni Zanzibar.

Sina ugomvi na Zanzibar. Lakini kwa watu wa Arusha wenye Jumamosi na Jumapili tu, wanaoishi kwa mshahara, nasema bila kusita kwamba pa kwenda ni Moshi na vijiji vilivyo juu yake mlimani. Na nasema hivi hasa kwa wenzangu wenye kwao huko, kwa sababu sisi ndio tunaopapita kila mwaka bila kupaona.

Tuanze na hesabu. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Hata ukiheshimu vibao vya 50 kwenye kila makazi ya watu, na tochi za trafiki zitahakikisha unaviheshimu, mwendo ni kama saa mbili. Ukitoka kazini Ijumaa jioni, ukapita Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, chakula cha usiku mtakila Moshi. Zanzibar inataka nauli za ndege, au kutwa nzima ya basi hadi Dar es Salaam kisha boti. Wikiendi inaishia njiani. Mnarudi mmechoka, mfuko mtupu, na Jumatatu mnaanza kulaumiana kuhusu ada ya mtoto.

Lakini ukaribu na unafuu havitoshi kuchagua mahali. Kipimo changu ni hiki: je, huko tutafanya nini kwa pamoja? Hoteli nzuri yenye bwawa na kitanda kikubwa haiwasaidii watu waliozoea kukaa chumba kimoja kila mmoja na simu yake. Watakaa vilevile, ila kwa gharama zaidi. Mahali pa wawili ni pale panapowapa kazi ndogo ya mikono na miguu, ambayo hakuna kati yenu aliye bingwa wake.

Kwa kipimo hicho, naiweka Materuni mbele ya sehemu zote. Kutoka Moshi mjini mnapanda kupitia Uru, kilomita 15 hivi, barabara ikijipinda katikati ya migomba mpaka karibu na msitu wa hifadhi. Gari linaachwa kijijini. Kutoka hapo ni miguu, kwenye njia nyembamba inayofuata bonde, na pembeni mnaona mifereji ya kienyeji, mifongo waliyoichimba wazee wetu kupeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Maporomoko mnayasikia kabla ya kuyaona. Mkiyakaribia, manyunyu yanawalowesha na inabidi kusogeleana ili msikilizane. Maji ni ya baridi kwelikweli. Wenye moyo huingia.

Mkirudi kijijini kuna kahawa, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Buni kavu inamwagwa kwenye kinu. Mnashika michi wawili, mnatwanga kwa kupokezana, na mmoja akiwahi michi inagongana. Wenyeji wanaimba na kupiga makofi kuwapa mwendo, na baada ya muda mikono inaelewana. Kisha unakuja ungo. Mume wangu ni Mnyiramba, mtu wa kazi za nguvu, na alipepeta kwa mabega mpaka makapi yakamrukia usoni. Mama mmoja wa pale akamshika mikono, akamwonyesha kwamba ungo unachezeshwa kwa vifundo vya mikono, taratibu, makapi yatoke yenyewe.

Baada ya ungo ni chungu juu ya kuni. Buni inakorogwa bila kuachwa, inatoka kwenye kijani kilichofifia inakuwa rangi ya udongo, halafu inaanza kutoa mafuta na kung'aa. Ukigeuka kidogo tu inaungua. Aliyepewa mwiko ni mume wangu. Nyumbani kwetu jikoni ni kwangu na kwa dada wa kazi, na hata kuchemsha maji huwa anaomba yachemshwe. Pale alisimama kwenye moshi, macho yanamtoka machozi, akiniuliza, "Mama watoto, tayari?" nami nikimjibu bado. Ilipoiva tukaitwanga tena, ikachujwa, tukainywa tumekaa kwenye gogo. Tulizungumza mambo ambayo hayakuwa ada, wala kikoba, wala bati za nyumba tunayojenga. Aliniuliza mimi nikiwa mtoto nilikuwa nafanya kazi gani shambani. Tuna watoto watatu, na swali hilo hakuwa ameniuliza.

Jibu lilikuwa kwamba tulichuma kahawa, tukaimenya, tukaianika, tukaipeleka chamani, kisha tukarudi nyumbani kunywa chai. Ndivyo tulivyokua wengi wetu. Wamisionari wa Kilema, kwetu, walianza kuipanda mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 wakulima wa mlima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa hiyo ilijenga shule na kulipa ada za vizazi vingi. Kuinywa pale inapolimwa, na kumlipa aliyeilima mkononi mwake, ni jambo la haki pia. Fedha ya wikiendi yenu inabaki kijijini: kwa kijana aliyewaongoza njia, kwa mama wa ungo, kwa aliyewauzia ndizi mbivu barabarani.

Kwa wasiopenda kupanda vilima, zipo njia nyingine. Marangu iko kilomita 40 hivi kutoka Moshi, mnapita Himo kisha mnapanda kushoto. Huko kuna maporomoko ya Kinukamori, ambayo hayahitaji mwendo mrefu. Wenye miguu mizuri wanaweza kulipa kiingilio cha hifadhi kwenye lango la Marangu na kupanda msituni kwa siku moja hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na kushuka jioni. Si lazima mfike kileleni mita 5,895 ndipo mseme mmeuona mlima. Mbokomu kuna mkukusu ambao mwaka 2016 wanasayansi waliutangaza kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81.5. Watu wanatoka mbali kwenda kuutazama, na sisi tulio jirani wengi hatujui hata kama upo.

Chemka, chemchemi iliyo kusini mwa Boma Ng'ombe, ni pazuri kwa kuogelea: maji maangavu ya uvuguvugu chini ya mikuyu. Ila mwende asubuhi mapema, kwani Jumapili mchana ni pa vijana na muziki. Ziwa Chala, Rombo, mpakani na Kenya, ni la kukaa ukingoni na kutazama maji yanavyobadilika rangi. Msiingie majini.

Na wachumba ambao bado hawajafika kwa wazee? Kwao safari ya kutwa inatosha, asubuhi Materuni, jioni kila mtu kwao. Mtu unayefikiria kuishi naye utamjua vizuri akiwa amechoka, amelowa na ana njaa.

Sasa nije kwenye kikwazo kikubwa, ambacho si fedha. Kikwazo ni ndugu. Mtoto wa Kilimanjaro akionekana Marangu au Uru akiwa na mwenziwe, bila kupita nyumbani, habari zinafika nyumbani kabla hajala. Anaonekana ana kiburi. Ndiyo maana wengi wetu tunaona heri kwenda mbali, mahali ambapo hatuna shangazi.

Mimi nilimpigia mama simu mapema. Aliniuliza swali ambalo kila mama wa kule angeliuliza: "Mnakuja kulala Marangu, na hapa nyumbani kuna vitanda?" Nikamwambia, "Mama, vitanda vipo na tunashukuru. Ila nikifika hapo mimi ni binti wa jikoni, naye ni mkwe wa kukaa na wazee barazani. Tunataka siku mbili tuwe mtu na mumewe." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi Jumapili mkitoka kanisani mpite, nitawawekea mtori."

Tulipita. Tulikula mtori, mzee akamkaribisha mkwe wake mbege kwenye kata, akaionja yeye kwanza kama desturi inavyotaka, na saa tisa tukaaga. Mume wangu kwa miaka yote ya ndoa yetu aliijua Kilema ya maturubai ya msiba na sufuria za pilau. Siku ile alikaa na baba mkwe wake kwa utulivu, wakaoneshana migomba, na baba akamweleza kwa nini mmea wa isale umepandwa mipakani mwa kihamba, na jinsi mtu aliyekosana na mwenziwe anavyompelekea jani lake lililofungwa fundo kuomba msamaha. Niliwatazama nikaona heshima kwa wazee haikupungua hata chembe. Iliongezeka, kwa kuwa safari hii tulikwenda kwao tukiwa na nafasi ya kusikiliza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu ni kuwaambia wazazi ukweli, kuwaarifu mapema, na kupita kwao mwishoni mwa safari badala ya mwanzoni. Mkianzia nyumbani, hamtatoka.

Lipo pia neno langu kwa wenye hoteli na loji za mlimani. Kwenye sehemu moja tuliyofikia, kijana wa mapokezi alimwamkia mume wangu kwa adabu, kisha akamuuliza wageni aliowaleta wako wapi. Alimdhania ni dereva wa watalii. Simlaumu yule kijana, amefundishwa hivyo na miaka mingi ya kuona kwamba anayekuja kupumzika ni Mzungu na Mtanzania anakuja kumbebea mizigo. Lakini jambo hilo liliniuma, na linapaswa kuwauma wenye biashara. Bei nyingi tulizozikuta zilikuwa zimebandikwa kwa dola. Orodha ya chakula ina kila kitu cha Ulaya, na mtori au machalari mpaka uulize. Wekeni bei ya shilingi hadharani. Pikeni chakula cha mlima kwa fahari. Tangazeni wikiendi za wenyeji miezi ambayo watalii wamepungua, badala ya kuviacha vyumba vitupu. Arusha na Moshi zina walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wengi ambao wangekuja kama wangeambiwa wanakaribishwa.

Wapo watakaosema mapenzi hayahitaji safari, kwamba wazazi wetu walikaa miaka hamsini kwenye ndoa bila kulala hoteli hata siku moja. Ni kweli. Lakini wazazi wetu walilima kihamba kimoja. Walichuma pamoja, wakaanika pamoja, wakarudi pamoja wakiwa na mizigo ya majani ya ng'ombe. Sisi mmoja anaondoka alfajiri kwenda Njiro, mwingine anakwenda Usa River, tunaonana usiku tukiwa tumechoka, na tunagawana habari za bili. Muda waliokuwa nao bila kuutafuta, sisi inabidi tuutenge. Anayeuita muda huo anasa ajiulize mara ya mwisho alimuuliza lini mwenziwe swali ambalo hakuwa analijua jibu lake.

Wakati wa kwenda nao ni wa kuchagua. Desemba msiende, ni zamu ya familia na barabara imejaa. Machi hadi Mei ni masika, njia za mlimani zinateleza. Juni na Julai ni baridi na mlima hujifunika mawingu, ingawa kwa wenye blanketi moja hilo si tatizo. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda: anga safi asubuhi, kilele cha Kibo kinaonekana chote, na pilikapilika za sikukuu zimekwisha. Kaeni wawili mchague Ijumaa moja ya miezi hiyo. Mpeni dada au jirani watoto, mpigieni mama simu, kisha mlipie chumba nusu yake siku hiyohiyo. Bila malipo ya awali itatokea kadi ya mchango, na mtaahirisha.