"Haisomi" Si "Imekufa"

Neno moja lililotumika ovyo lilikaribia kuninyang'anya sauti ya marehemu mjomba wangu.

Ninazo diski mbili za nje ninazohifadhia nakala za tungo. Kila Ijumaa huzibadilishana: moja hukaa nami Kariakoo, nyingine hulala kwa dada yangu Ilala, ili moto au mwizi asizipate zote. Ijumaa moja nilichomeka ile iliyotoka Ilala. Taa yake iliwaka, lakini kompyuta haikuionyesha. Nilitaharuki, kwani humo mlikuwa na rekodi za mjomba akighani mashairi yake, nami, kwa tamaa ya nafasi, nilikuwa nimekwisha kuzifuta kwingineko kote.

Nikaipeleka Mtaa wa Aggrey pamoja na waya wake. Kwa fundi ikaonekana, ikapotea, ikarudi tena, kisha kompyuta ikatoa tangazo la kutaka ifomatiwe.

"Mzee, hii haisomi, imekufa. Tuifomati?"

"Kufomati ndiyo kufanya nini, mwanangu?"

"Kuisafisha tu. Itasoma."

"Na vilivyomo?"

"Hivyo vitaondoka."

Niliichukua diski yangu. Fundi wa kibanda cha pili hakusema neno. Alibadilisha waya tu, na diski ikafunguka. Nyumbani, programu ya nakala bado iliikataa. Kumbe ilikuwa ikitafuta herufi E, ambayo flashi yangu ilikuwa imeikalia, na diski ikapewa F. Nikaipa diski hiyo herufi R, na ya pili nikaipa R vilevile, kwa kuwa hazichomekwi pamoja. Kisha nikaielekeza programu huko. Taabu ikaisha.

Simlaumu kijana. Alisema kama sote tusemavyo: flashi haisomi, laini haisomi, memori haisomi. Lakini anayesoma ni kompyuta; diski husomwa. Lugha yetu inayo kauli ya kutendeka kwa hali kama hii: haisomeki. Na hata "haisomeki" halitoshi, kwani ndani yake mna magonjwa mbalimbali. Diski isiyoonekana yataka kwanza ibadilishiwe waya na tundu. Diski inayoonekana ila haina herufi, au ina herufi isiyotarajiwa, yataka herufi. Diski inayoonekana ila haifunguki yataka subira: usiandike kitu juu yake, bali nakili kwanza kinachonakilika. "Imekufa" ni neno la mwisho, si la kwanza.

Baya zaidi ni "fomati". Sichukii neno la kukopa. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hakuna anayeliona jina hilo kuwa geni. Kasoro ya "fomati" ni kwamba kwa mteja halina maana, hivyo fundi huweza kulifasiri kuwa "kusafisha", na mteja akaridhia bila kujua alichokiridhia. Aulizwe kwa Kiswahili kinachouma: "Nifute vyote vilivyomo?" Atakayejibu ndiyo, atakuwa amejibu swali alilolielewa.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni ya mafundi, si ya washairi. Nawakumbusha Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, takribani karne moja baadaye, na haikufika huko kwa bahati. Watu walihifadhi beti vichwani, na Mwalimu Sikujua akazikusanya na kuziandika pamoja na W. E. Taylor. Shairi liliishi kwa kuwa lilikaa mahali pengi. Sisi tumepewa chombo kinachobeba diwani elfu mfukoni, tukaridhika na mahali pamoja.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilijiita mwenye nakala, ilhali rekodi za mjomba zilikuwa kwenye diski moja tu, na kitu kilichobaki kimoja si nakala tena. Sasa zipo mahali patatu. Wewe uliyerekodi wazee wako, leo jioni ichomeke ile diski iliyolala kabatini. Ikikataa, badilisha waya kabla ya kukata tamaa, na yeyote atakayekuambia "tuifomati", mwombe akufasirie.