Fungu la Wasio na Makao

Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio mitaani nchini. Mombasa peke yake 7,529. Kila Ijumaa twawapa sarafu mlangoni mwa msikiti, na ni jema, lakini sarafu haimlazi mtoto chini ya paa wala haimwondolei chupa ya gundi. Hayo yataka nyumba ya hifadhi, muuguzi, na mshahara wa mlezi mwezi baada ya mwezi. Yaani fungu katika bajeti. Hazina ya taifa ya familia za mitaani ipo tangu 2003, nayo ingali nyembamba.

Kaunti iitapo wananchi kutoa maoni ya bajeti, hutajwa sana barabara na mitaro. Mama zetu na dada zetu, nendeni mkaulize: mwaka huu wametengewa vitanda vingapi wanawake walalao nje na watoto wachanga?