Kambi ya Roma: Na Sisi wa Nakivale Tuhesabiwe

Bwana Mhariri, nanyi wasomaji wenzangu,

Tangu vijana wa dunia walipokusanyika Roma mwezi wa Agosti 2025, wakalala nje katika uwanja wa Tor Vergata, watu zaidi ya milioni moja, maneno ya safari ya Roma hayajaisha katika mabweni yetu. Wako wanaotaka shule yetu nayo ichange fedha, ipeleke wanafunzi wachache wapige hema pembeni ya mji ule na kuutazama kwa siku kumi. Wako wanaosema kuwa ni upuzi. Mimi nasema safari ni njema, ila majina yanayotajwa sikubaliani nayo. Kila orodha niliyoisikia ina watoto wa Mbarara na wa Kampala. Sisi wa Nakivale hatumo. Nikiuliza sababu napewa mbili, na ya tatu huisikia kwa minong'ono. Nitazijibu zote hapa.

Sababu ya kwanza husemwa kwa kicheko: "Mtu wa Base Camp aende kambi gani tena? Si amekulia kambini?" Mzaha huo haunikasirishi, lakini umechanganya mambo mawili yenye jina moja. Kambi ya skauti mtu huingia kwa kupenda, naye aijua siku ya kung'oa hema. Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, na mpaka leo hatujaambiwa siku ya kung'oa. Walitangulia Wanyarwanda, wakafuata wengine wengi. Sasa wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Tumejenga nyumba za udongo, tumelima mahindi na maharagwe, tumefungua maduka. Kambi ya kupenda ndiyo tusiyoijua, nasi twataka kuijua kama wengine. Tena, kwa upande wa kazi, twafaa. Nani atawafundisha wenzetu wa mjini kufunga turubai lisipeperushwe na upepo, au kupikia watu kumi kwa kuni za watu watatu?

Sababu ya pili ni karatasi. Wasema hatuna pasipoti, na kututafutia hati ni kuwachelewesha wote. Ni kweli mkimbizi hana pasipoti ya Uganda. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, unaitaka serikali impe hati ya kusafiria mkimbizi anayekaa kwake kwa halali. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imeikubali haki hiyo. Wala mwenye pasipoti hana njia ya mkato, maana naye hana budi kuomba viza ya Italia na kutoa alama za vidole. Basi tofauti yetu ni ya muda tu. Maombi ya wa Nakivale yakianza kabla ya mengine, sote tutakuwa tayari siku moja.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nami naona heri isemwe wazi: wanaogopa kwamba tukifika hatutarudi. Siwezi kumwapia kila mtu wa kwetu, wala mzazi wa Mbarara hawezi kuapa kwamba mwanawe hatatamani kubaki. Kama hofu hii ni ya haki, basi kila mmoja na apimwe kwa tabia aliyoionyesha hapa shuleni, siyo kwa mahali alipoandikishwa. Tena tufikiri upande wa pili. Tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na kisiwa cha Lampedusa cha Italia, mashua ilizama na watu zaidi ya 360 wakafa, wengi wao Waeritrea. Hao hawakuwa na mlango wa kupita, wakapita baharini. Kijana wa Nakivale akiona mwenzake ameitwa kwa jina lake, amepewa hati, amekwenda mchana na kurudi mchana, atakuwa na neno la kumjibu anayeuza nafasi za mashua. Mkituacha nje ya orodha, mwampa muuzaji huyo hoja yake.

Ama kuhusu mji wenyewe, hapana mgeni atakayeuelewa upesi kuliko sisi. Warumi wa kale walisimulia kwamba asili yao ni Aeneas, aliyekimbia mji wa Troy ulipokuwa ukiungua, naye amembeba baba yake mgongoni. Wakasimulia tena kwamba Romulus, alipotaka watu wa kuujaza mji wake mpya, alifungua mahali pa kukimbilia juu ya kilima kinachoitwa sasa Campidoglio, akawapokea waliokimbia kwao bila kuuliza kama ni watumwa au huru. Ni hekaya, lakini wenyewe hawakuionea haya. Na penye kilima hicho hicho, tarehe 10 Septemba 1960, zilianza mbio za marathoni za Olimpiki. Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia bila viatu, akaupita mnara wa jiwe wa Axum uliochukuliwa kwao na Waitalia mwaka 1937, akamaliza wa kwanza penye tao la Constantine. Mnara huo ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005. Mwalimu anaweza kuyasema haya darasani. Lakini Mwethiopia wa Base Camp akisimama mahali mnara ulipokuwa, wote walio pamoja naye watajifunza zaidi.

Limebaki swali la fedha, nalo ni zito. Mwezi wa Mei 2025 wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgao wa chakula. Mama zetu watauliza, na wana haki kuuliza, kwa nini watu wachange nauli ya Roma huku sufuria ni tupu. Jibu langu ni kwamba isiguswe hata shilingi moja ya karo wala ya chakula. Wanafunzi wa zamani wenye uwezo waombwe, na kila senti isomwe mbele ya wote. Fedha zisipotosha kwa orodha ya haki, wasipelekwe wawili au watatu kwa kupendelewa. Twende sote Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, tupige hema karibu na mahandaki ya kale ambayo urefu wake wapita kilomita kumi, na ambayo wazee wasema ni makao makuu ya Wachwezi. Huko haihitajiwi viza.

Basi nawaomba walimu na wazee wa shule mambo mawili. Orodha ya Roma iandikwe kwa kura au kwa tabia, na kanuni ibandikwe ukutani kabla ya jina lolote. Na maombi ya hati za wa Nakivale yaanze muhula huu. Mwenye hoja ya kunipinga na aiandike katika toleo lijalo, nami nitaisoma kwa heshima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Base Camp, Nakivale