Watoto wa Tengeru

Toleo hili lote tumelitoa kwa watoto ambao vita viliwachukua wazazi wao, kisha nchi ya mbali ikawapokea. Tungeweza kuanzia popote, maana karne iliyopita haikukosa vita wala mayatima. Tumeanzia Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kwa sababu hapo picha tuliyoizoea imegeuka: mkimbizi alikuwa mtoto wa Kizungu, na kimbilio lake Tanganyika.

Watoto hao walitoka mashariki mwa Poland. Septemba 1939, Hitler alipoivamia nchi hiyo kutoka magharibi, majeshi ya Stalin yaliingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia nzima nzima zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, zikapelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini mwa Urusi. Huko watu walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na kazi za sulubu. Mwaka 1941 Ujerumani ikamgeukia Stalin mwenyewe. Kwa kuwa sasa alihitaji marafiki, akakubali kuwaachia Wapolandi, na Jenerali Władysław Anders akaunda jeshi kutokana na waliosalimika. Jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi mwaka 1942 kuingia Uajemi, likifuatana na raia maelfu kwa maelfu, wengi wao watoto. Wako walioponea Siberia wakaja kuzikwa Pahlevi, bandari waliyoshukia.

Kutoka Uajemi walitawanywa: India, Mexico, New Zealand, Afrika. Sehemu zetu za mashariki na kusini mwa bara hili zilipokea watu wapatao 18,000. Nchini Tanganyika kambi zilifunguliwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Huko Uganda, Masindi na Koja. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, iliyofikia wakazi 5,000 hivi, karibu wote wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume wenye nguvu walikuwa vitani.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo Tengeru, atazame namna watoto hao walivyolelewa. Walikaa katika nyumba za msonge zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani. Kulikuwa na hospitali, kanisa, shamba, kituo cha mayatima, na shule. Katika shule hizo mtoto alifundishwa kwa Kipolandi, na walimu waliotoka walikotoka wanafunzi wao, tena waliopita njia ileile ya mateso. Alikuwa skauti pamoja na wenzake, akaadhimisha sikukuu za kwao, akasali kwa lugha ambayo mama yake alimfundishia sala. Yatima huyo alikuwa amepoteza wazazi na nyumba, lakini hakulazimishwa kupoteza pia lugha yake na watu wake ili apate kula. Kwetu sisi, hiki ndicho kipimo cha hifadhi ya kweli, na ndicho tutakachokirudia katika kurasa zote zinazofuata.

Kipimo hicho kilifikiwa pia kwingineko. Huko Balachadi, Jam Sahib Digvijaysinhji, mtawala wa Nawanagar nchini India, aliwajengea watoto wa Kipolandi kambi karibu na makao yake ya pwani na kujihesabu kuwa baba yao. New Zealand, chini ya waziri mkuu Peter Fraser, ilipokea watoto 733 tarehe 1 Novemba 1944 na kuwaweka Pahiatua pamoja na walezi wa kwao.

Lakini mwenyeji wa Tengeru alikuwa nani? Serikali iliyofungua kambi ilikuwa ya Mwingereza. Ardhi ilikuwa ya Wameru, ambao hawakuulizwa. Waafrika walipika, walilinda, walijenga, waliuza ndizi na mboga, na majina yao hayamo katika vitabu vingi vinavyosimulia habari hii. Na mwaka 1951 serikali hiyohiyo iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa moto, hadi mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda New York mwaka 1952 kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Hatuyasemi haya kuwalaumu watoto. Mtoto hana kosa katika mipango ya watawala. Tunayasema kwa kuwa wema kwa yatima wa mbali haufuti dhuluma kwa jirani, na historia inayotaja mmoja na kumficha mwingine ni nusu ya historia.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja baada ya vita. Mkutano wa Yalta wa 1945 uliiacha mashariki mwa Poland mikononi mwa Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo nyumba ambayo mtoto angerudishwa ilikuwa sasa ndani ya dola iliyomfukuza. Serikali mpya ya Warsaw iliwadai watoto hao. Mwaka 1949 padri Łucjan Królikowski aliondoka na mayatima zaidi ya mia moja kutoka Tengeru, akapita nao Italia hadi Kanada, na Warsaw ikapiga kelele katika Umoja wa Mataifa kwamba watoto wametekwa. Kila upande ulidai kumtetea mtoto. Sisi tunaona padri alifanya sawa, kwa sababu aliwaweka pamoja, na kwa sababu kumrudisha yatima kwa waliomwangamizia wazazi ni ukatili hata ukiitwa kurejea nyumbani.

Leo safari imegeuka. Wavulana wa Sudan waliotembea hadi kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1992 bila wazazi, maelfu kadhaa wao walichukuliwa Marekani kuanzia mwaka 2000. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imelea watoto wa Kongo tangu miaka ya 1990, na baadaye wa Burundi pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, unataka anayemlea mtoto asiye na wazazi azingatie lugha, dini na utamaduni wake. Nchi zetu zimeuridhia. Katika kambi na vituo vingi utekelezaji bado uko mbali: ndugu wa tumbo moja hutenganishwa kwa sababu nafasi imepatikana kwa mmoja, na mtoto huhamishwa bara zima bila kuulizwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanaoamua, kuanzia ofisi za wakimbizi hadi familia inayotaka kulea: wachukueni ndugu pamoja au msiwachukue, wekeni karibu nao mtu mzima anayesema lugha yao, na kabla ya kuwapandisha ndege, waulizeni wanataka kwenda wapi. Na ninyi wasomaji wa Meru, Kondoa, Morogoro na Masindi, ambao wazee wenu walifanya kazi katika kambi za Wapolandi, tuandikieni majina yao na waliyoyaona. Tutayachapisha.