Mtaa wa Vipande vya Matofali: Tuwaache Watoto Watuonyeshe Tunapoishi



Katika mji wa Rio de Janeiro, nchini Brazil, kuna mtaa wa mlimani uitwao Pereira da Silva, karibu na eneo la Laranjeiras. Ni mmoja wa mitaa ya wanyonge ambayo wenyeji huiita favela. Nyumba zake zimebanana, na wenyewe wamezijenga kidogo kidogo kadiri kipato kilivyoruhusu. Mwaka 1998 kijana wa miaka 14, Cirlan Souza de Oliveira, alianza kuokota vipande vya matofali akishirikiana na mdogo wake, Maycon. Kila kipande walikifanya nyumba. Walivipaka rangi, wakavipanga juu ya udongo wa mlima, wakachora vijia na ngazi baina yake. Watoto wa jirani wakavutiwa, wakajiunga, na kila mmoja akawa na upande wake wa kujenga. Mji huo mdogo ukaitwa Morrinho, yaani kilima kidogo, nao umeenea zaidi ya mita za mraba 300.

Tumeona tuuzungumzie mradi huu kwa sababu una funzo kwa kila familia inayoishi katika mtaa ambao wengine huutazama kwa mbali na kuutolea hukumu. Rai yetu ni hii: mtoto anayejenga mfano wa mtaa wake kwa mikono yake anatoa ushahidi kuhusu maisha yetu, na ushahidi huo unastahili kusikilizwa na wakubwa kabla ya kuamua lolote juu ya mtaa huo.

Aghalabu mtoto akirudi nyumbani na udongo mikononi tunamkemea. Tunamwambia aache mchezo, ashike kitabu. Lakini tujiulize, ni elimu gani iliyomo katika kazi kama ile? Anayepanga nyumba mia moja kwenye mteremko lazima afikirie maji ya mvua yatapita wapi. Lazima akumbuke ngazi ipi inafika kwa nani, na njia ipi imezibwa. Lazima akubaliane na wenzake kwamba nyumba hii isimbane jirani. Hizo ni hesabu, jiografia na adabu ya ujirani kwa pamoja, na hakuna aliyemlazimisha kuzisoma. Watoto wetu pia wana kipaji hiki. Tunawaona wakiunda magari ya waya, visoda na mabua, magurudumu yakizunguka sawasawa. Mkono unaoweza kuunda gari unaweza pia kuunda mtaa mzima.

Ama kuhusu Morrinho, watoto wale hawakujenga nyumba tupu. Waliweka vijitu vidogo vya plastiki, wakavitembeza na kuvisemea. Ndani ya mchezo huo kulikuwa na ngoma za usiku, pikipiki, polisi, na wauzaji wa dawa za kulevya wenye silaha. Mzazi anaweza kushtuka na kuuliza: kwa nini mtoto acheze mambo ya aibu? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, tukumbuke kwamba watoto hao hawakuyatunga mambo hayo. Waliyakuta mtaani kwao. Mtoto aliyesikia risasi usiku hatapona kwa kuambiwa anyamaze. Akiyaweka mbele yetu katika mchezo, tunapata nafasi ya kukaa naye, kumuuliza, na kumwongoza. Akiyaficha moyoni, nafasi hiyo tumeikosa.

Inaelezwa pia kwamba polisi walipouona mji ule kwa mara ya kwanza, walidhani ni ramani ya wahalifu ya kupangia mashambulizi. Tulitafakari jambo hili. Watoto wa maskini wanapochora mahali wanapoishi, wanashukiwa. Lau mfano kama ule ungetengenezwa na watoto wa shule ya kifahari, bila shaka ungewekwa mezani na kupigiwa makofi.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 2001 watengenezaji wa filamu walifika mlimani, na vijana wakaanza kujifunza kutumia kamera na kusimulia habari zao wenyewe. Mwaka 2007 kazi yao ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, nchini Italia. Mwaka 2010 walialikwa London, wakajenga mji mwingine wa matofali kando ya mto Thames pamoja na vijana wa Stockwell. Vipande vilivyookotwa chini vikawafikisha huko.

Pamoja na hayo, tusidanganyike na sifa za maonyesho. Mfano wa mtaa unaweza kusifiwa ilhali mtaa wenyewe unabomolewa. Katika mji huohuo wa Rio kulikuwa na mtaa uitwao Vila Autódromo, jirani na uwanja uliotengwa kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016. Wakaazi wake, wakisaidiwa na wataalamu wa vyuo vikuu viwili, waliandaa mpango wao wa kuuboresha mtaa bila kuwahamisha watu. Mwaka 2013 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa. Je, tuzo iliwalinda? Mamia ya familia ziliondolewa, na zilizobaki hadi mwisho zilikuwa takriban 20 tu. Hata hao 20 walibaki kwa sababu walishikamana na mpango wao mkononi, wakakataa kuondoka.

Kwa hiyo funzo lina pande mbili. Upande mmoja, mwenye kuujua mtaa wake na kuweza kuuonyesha ana hoja ambayo mtu wa ofisini hana. Upande wa pili, hoja hiyo haina nguvu ikiwa wenye mamlaka hawakulazimika kuisikiliza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mwezi Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakaazi, kupitia vikundi vyao ukiwemo Muungano wa Wanavijiji, walikaa na wataalamu wakaeleza wenyewe wanavyoishi: maji, vyoo, njia, shule na afya. Huo ni mwendo mwema. Lakini baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nyumba nyingi zilizokuwa kandokando ya mito ya Nairobi, zikiwemo za Mathare na Mukuru, zilibomolewa, na familia zikabaki nje katika majira ya mvua. Hatusemi watu waachwe mahali pa hatari. Tunasema anayeishi kando ya mto ndiye anayejua maji hufika wapi, na alistahili kuulizwa mapema aende wapi, si kuondolewa kwa tingatinga.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza kwamba likizo ijayo familia za mtaa mmoja, pamoja na walimu wa shule na madrasa, wawakusanye watoto na vijana wajenge mfano wa mtaa wao. Gharama yake ni ndogo: maboksi, vipande vya matofali, udongo, vijiti na gundi. Kwanza watembee mtaa mzima wakihesabu na kuandika. Kisha wajenge mtaa ulivyo, bila kuupamba. Msikiti uwepo, soko liwepo, na mtaro unaonuka uwepo pia. Mahali penye giza ambapo wasichana wanaogopa kupita pawekewe alama. Mzee asiyeweza kupanda ngazi aulizwe njia yake ni ipi. Akina mama waulizwe wanachota maji wapi na kwa muda gani.

Baada ya hapo watoto waongeze kwa rangi nyingine yale wanayoyataka: taa, kiwanja, mti wa kivuli, njia ya gari la wagonjwa. Mwisho, aalikwe chifu na mwakilishi wa wadi, wasimamishwe mbele ya mfano huo, na mtoto ndiye awaeleze. Tuandike watakachoahidi, pamoja na tarehe, na nakala ibaki kwetu. Mfano wenyewe usipelekwe ofisini ukawa pambo. Ubaki mtaani, mikononi mwa walioujenga, urekebishwe kila mtaa unapobadilika.

Wazazi wenzetu, watoto wetu watarithi mitaa hii. Ni haki yao kujua jinsi ya kuieleza na kuitetea. Tuanze kwa kutowafokea wanapookota vipande vya matofali, tuwaulize wanajenga nini.

Wabillahi tawfiiq.