Programu za Masomo Zikomee Dakani

Wako wanaodhani kwamba chuo kikisha kuwa na ukumbi wake wa masomo katika intaneti, kazi imekwisha. La, hasha! Chukua Moodle, ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002 na ambayo chuo chochote chaweza kuitumia bila kulipia leseni. Ina mahali pa kuweka masomo, pa kupokea kazi za wanafunzi na pa kuandika alama. Lakini mwalimu wa hesabu ataka programu ya kuchorea, wa lugha ataka ya matamshi, na ustadhi huenda akataka ya kusikilizia tajwidi. Vyombo hivyo hutengenezwa na watu wengine, tena hukaa katika mitambo ya watu wengine.

Zamani (nayo ni zamani ya juzi tu) kila programu ilikuwa na mlango wake na neno lake la siri. Mwanafunzi wa masomo matano alikuwa na maneno matano, kayaandika yote nyuma ya daftari, na mwalimu akinakili alama kwa mkono. Mwaka 2010 jumuiya ya IMS Global, ambayo tangu 2022 yaitwa 1EdTech, ilitoa utaratibu wa kuunganisha uitwao LTI. Mwanafunzi huingia ukumbini mara moja. Akifungua programu, ukumbi wenyewe humtambulisha, nayo programu hurudisha alama. Toleo la 1.3, la mwaka 2019, limekaza mlango zaidi: pande mbili hazigawani tena neno moja la siri, bali kila upande hutia sahihi kwa ufunguo wake na mwenziwe huikagua.

Hayo nayasifu. Lakini, ndugu wasomaji, kumtambulisha mwanafunzi ni kusema nini juu yake?

Nyumba za kale za Lamu zina daka mlangoni. Mgeni aliyekuja kwa biashara huketi pale, akakirimiwa kwa heshima zote, wala asijue ndani mna nani. LTI nayo ina daka lake: programu yaweza kupewa nambari tu na habari kwamba huyu ni mwanafunzi au mwalimu, isipewe jina wala anwani ya barua pepe. Katika Moodle msimamizi huulizwa waziwazi: jina litolewe? anwani itolewe? alama zipokewe? Aweza kujibu daima, au kamwe, au amwachie mwalimu. Sasa programu ya kuchorea pembetatu ina haja gani na jina la binti yako na la babake?

Khofu yangu ni ile haraka ya kukubali yote ili chombo kianze kazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Nami nasema sahihi iliyotiwa katika karatasi ya Kiingereza ambayo mzazi hakuielewa si idhini. Walimu wetu wa Pwani wawaite wazazi, wawasomee maswali yale matatu kwa Kiswahili, tena mapema. Programu ikisha kuunganishwa yaweza kuondolewa ukumbini siku yoyote, lakini majina iliyokwisha kupewa hubaki katika mitambo ya wenyewe.