Uani Palipotulea

Akina mama wenzetu, kila mji una harufu yake. Dar es Salaam ina harufu ya chumvi ya bahari, ya samaki wanaokaangwa Feri, na asubuhi na mapema harufu ya vitumbua na maandazi kando ya barabara. Sisi tuliokulia hapa, na wale tulioletwa hapa na ndoa, tunaijua hata tukifumba macho. Mwezi huu tumependa tuzungumze juu ya mji wetu, na hasa juu ya jambo moja tulilokuwa nalo bila kulilipia, ambalo sasa linatuponyoka.

Wengi wetu tulianza maisha katika nyumba ya Kiswahili, iwe Ilala, Magomeni, Temeke au Kariakoo. Mnaijua ilivyo. Katikati kuna ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Mbele ni baraza, na nyuma ni uani penye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kilikuwa na familia yake, lakini uani palikuwa pa wote. Mmoja akiwasha mkaa, mwenzake aliomba kaa la moto. Mbuzi ya kukunia nazi ikilia, nyumba nzima ilijua leo chumba fulani kuna wali. Na isipolia siku tatu mfululizo, hilo nalo lilijulikana. Hapo ndipo mama mmoja alipofunika sahani kwa kawa, akamtuma mtoto: "Mpelekee mama yako mdogo, mwambie ni ya kuonja." Hakuna aliyetamka neno njaa, wala aliyepokea hakuona haya.

Tusije tukapasifu kupita kiasi. Uani palikuwa na ugomvi pia. Tuligombania zamu ya kufagia, ndoo ya maji na bili ya umeme. Choo kimoja kwa watu ishirini si jambo la kulilia. Mtoto mmoja akiharisha, haukupita muda wengine nao walikuwa wanaharisha. Na masengenyo je? Siri ya mume na mke ilivuka ukuta kabla ya kupambazuka. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuugua humo bila kujulikana.

Barazani nako kulikuwa na maisha yake. Wazee walicheza bao, na muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, na kashata mkononi. Redio moja ilitosha watu wengi, na watoto walikusanyika kusikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, aliyebahatika kuwa nayo alijikuta ana watoto wa mtaa mzima sebuleni, na waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Sikukuu ya Idi ilileta pilau kwetu, na Krismasi pilau yetu ilivuka kwenda kwao. Sahani ya jirani hairudishwi tupu; hata chumvi kidogo utaweka.

Hata safarini ilikuwa hivyo. Wenye umri wanazikumbuka zile gari ndogo za "chai maharage", ambazo abiria waliketi kwenye mabenchi wakitazamana, kama watu walio mgahawani. Baada ya mwaka 1983, mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa, zikaja daladala, zilizopata jina kutokana na "dala", yaani shilingi tano ya nauli. Mama aliyebeba mtoto hakuhitaji kuomba. Mtoto alipokewa na mikono ya watu asiowajua, akapakatwa hadi Posta. Kwenye kivuko cha Kigamboni, mwanamke mwenye beseni la samaki alisaidiwa kujitwisha na yeyote aliyekuwa karibu. Msaada huo bado upo, nasi tunauona hadi leo. Ndiyo maana tunasema jambo hili linatuponyoka, hatusemi limekwisha.

Mji umekuwa mkubwa. Katika sensa ya mwaka 1988 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 1.4. Katika ile ya mwaka 2022 walizidi milioni 5.3. Watu wamehamia Kimara, Mbagala, Bunju na Chanika, wakajenga vyao. Wapangaji wa zamani wa Magomeni Kota, kaya 644, walipewa maghorofa mwaka 2022. Tunashukuru. Choo kiko ndani, maji bombani, na wengi tunapikia gesi badala ya kukohoa moshi. Lakini pamoja na nyumba tumejenga ukuta, na juu ya ukuta tumepanga vipande vya chupa. Geti likifungwa, mbuzi ya jirani haisikiki tena.

Tunamfahamu mama mmoja, mjane, ambaye watoto wake wanaishi mikoani. Jumatatu moja usiku shinikizo la damu lilimpanda, akaanguka jikoni, upande mmoja wa mwili ukapooza. Majirani waliona taa ya nje inawaka mchana, wakadhani amesafiri. Aliyegundua ni kijana anayepitisha mayai. Jumatano alibisha geti, hakujibiwa, naye alikuwa anajua kwamba mama huyo hakosi trei yake kila wiki. Akaenda nyumba ya pili, akasema, "Mama wa hapa hajawahi kunipita hivi." Ukuta ukarukwa. Mama yupo hai, ila mkono wa kulia haujarudi. Kwa ugonjwa kama huo saa za kwanza ndizo zenye thamani, na yeye zilimpotea akiwa sakafuni, hatua ishirini kutoka kwa watu.

Majirani wale si watu wabaya. Kila mmoja angetoa gari lake kama angejua. Zamani kujua kulikuja kwenyewe, kwa kuwa mlango wa uani ulikuwa mmoja. Siku hizi kujua ni kazi, na kazi hiyo, kama nyingi nyingine za nyumbani, itatuangukia sisi.

Basi tuianze kwa madogo. Tuwajue kwa majina walio kulia, kushoto na mbele ya geti letu, na namba zao za simu ziandikwe mahali mtoto anapofikia. Aliye peke yake tupatane naye ishara, kwa mfano pazia la dirisha la mbele lifunguliwe kabla ya saa mbili asubuhi. Lisipofunguliwa, tutabisha. Ufunguo wa akiba tumwachie mmoja tunayemwamini. Mjumbe wa nyumba kumi tumfahamu kabla ya shida. Na siku tukipika vitumbua, sahani moja itoke nje ya ukuta, ipelekwe na mtoto wetu mwenyewe, aseme shikamoo na kungoja kuitikiwa. Watoto hawa hawakulelewa uani. Wasipotumwa na sahani, watajifunzia wapi kwamba mama wa jirani naye ni mama?

Wako watakaosema jirani wa siku hizi hapendi kusumbuliwa. Pengine mara ya kwanza atashangaa, na sahani itarudi tupu kwa kuwa hakufundishwa. Tupeleke ya pili.

Nanyi wenzetu, tuandikieni mtueleze mnavyojuliana hali mtaani kwenu, ili anayeanza leo apate pa kushika.